Njia ya Mkebe wa Nanasi

Mnamo Novemba 1999, kituo kidogo cha utafiti kilichoko Vecchiano, karibu na mji wa Pisa nchini Italia, kiliwaomba Waitalia waache kununua mananasi ya mkebe yenye jina la Del Monte. Mananasi hayo yalilimwa Thika, yakamenywa Thika na kutiwa mkebeni papo hapo Thika. Sababu za kuyasusia zilitoka huko huko: ujira mdogo, vibarua waliozeekea kazini bila kuajiriwa rasmi, makazi duni, na dawa kali za shambani zilizopita mikononi mwa watu wasio na kinga ya kutosha. Machi 2001 kampuni ilifikia makubaliano na waliokuwa wakiilalamikia, na wanunuzi wa Italia wakaacha mgomo wao.

Mimi ni mkazi wa Ruiru. Kila ninapopanda matatu ya kwenda Kenol au Murang'a huyapita mashamba yale, mistari ya mananasi imenyooka hadi upeo wa macho, na mazungumzo ndani ya gari huwa ni bei ya ploti na foleni ya asubuhi. Sijawahi kumsikia abiria akitaja kwamba udongo ule ulizua mojawapo ya visa vikubwa vya wanunuzi kuibana kampuni ya chakula katika nchi yetu. Kisa hicho kinajulikana zaidi Pisa kuliko Ruiru. Jambo hilo linanikera, ndiyo maana nimeamua kuifuata njia yake tangu mwanzo, nikianzia huku kwetu.

Njia yenyewe inaanzia kwenye reli. Reli ya tawi kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, ikipitia Ruiru. Ilijengwa ili kubeba mazao ya walowezi, na ardhi iliyopakana nayo ilikuwa imeshatwaliwa kutoka kwa wenyeji, ambao wengi wao waligeuka maskwota na vibarua kwenye ardhi waliyozaliwa. Mazao ya kwanza kubebwa yalikuwa kahawa na mkonge. Nanasi lilikuja baadaye, na lilikuja kwa kishindo.

Kabla ya kuondoka Ruiru ni lazima nisimame kwenye kahawa, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kuelewa habari ya dawa. Ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha matunda ya kahawa yakiwa bado mabichi, ulionekana nchini Kenya mwaka 1922. Kufikia miaka ya 1960 ulikuwa umewafilisi wakulima wengi wa nyanda za mashariki mwa Bonde la Ufa. Kinga pekee iliyokuwapo ilikuwa kunyunyizia dawa, mara kwa mara, msimu baada ya msimu, na gharama yake ilimeza sehemu kubwa ya mapato ya mkulima. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru wakachagua njia nyingine. Walichanganya aina tofauti za kahawa kwa miaka mingi, na mwaka 1985 wakatoa mbegu ya Ruiru 11, inayostahimili chulebuni pamoja na kutu ya majani. Jina la mji wetu mdogo likasafiri hadi vitabu vya kilimo vya dunia nzima.

Kwa hiyo zipo njia mbili za kupunguza sumu shambani. Mwanasayansi anaweza kuiondoa kwa subira ya miaka, kama walivyofanya Ruiru. Au mnunuzi anaweza kuikataa. Nanasi halikupata Ruiru 11 yake, na mzigo wote ukabaki kwa mnunuzi.

Kutoka Ruiru barabara inapita Juja. Mashamba makubwa ya zamani yamekatwakatwa, pamejaa vyumba vya kupangisha wanafunzi, na mkonge umebaki kumbukumbu. Leo safari hadi Thika ni fupi, tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012. Thika yenyewe ilikua kama mji wa viwanda, na kati ya viwanda vyake vya awali vilikuwapo vya kusindika chakula na kutengeneza vyombo vya kukitia. Kenya Canners ilianza kusindika mananasi hapo mwishoni mwa miaka ya 1940. Metal Box, kampuni ya Kiingereza ya mikebe, nayo ikaweka kiwanda mji huo huo. Tunda na chombo chake vilikaa jirani.

Miaka hiyo mananasi yalitoka kwa walowezi na, baadaye, kwa wakulima wadogo wa Kiafrika pia. Mambo yaligeuka Wamarekani walipoingia. Mwaka 1965, serikali ikiwa changa na ikitafuta mtaji kwa hamu, California Packing Corporation ilichukua usimamizi wa Kenya Canners. Mwaka 1967 kampuni hiyo ilibadili jina ikawa Del Monte Corporation, na kufikia 1968 ilikuwa na hisa nyingi zaidi katika kiwanda cha Thika. Katika muongo uliofuata ilipanua mashamba yake yenyewe, mengine yakiwa yale yaliyokuwa ya mkonge, na wakulima wadogo wakaachwa nje. Naliona tukio hilo kuwa kubwa kuliko linavyoandikwa kwa kawaida. Mkulima mdogo aliyeuza nanasi kiwandani alikuwa na neno juu ya anachokinyunyizia shambani mwake. Kibarua hana.

Hapa njia inaniondoa Kenya kwa muda, kwa sababu ukitaka kujua dawa za nanasi zilitoka wapi huna budi kwenda Hawaii. Visiwa hivyo vilikuwa makao makuu ya nanasi la mkebe katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, na ndiko ulikokomaa ukulima ulioletwa Thika: aina ya Smooth Cayenne, mashamba makubwa yasiyochanganywa na zao lingine lolote, karatasi ya plastiki ya kufunika udongo, na kemikali katika kila hatua. Nanasi lina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni minyoo midogo ya ardhini inayotafuna mizizi. Wa pili ni vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaosambaza ugonjwa wa kunyausha mmea, nao hulindwa na sisimizi wanaolamba utomvu wao mtamu. Kwa hiyo mkulima mkubwa humtilia mnyoo dawa, kidung'ata dawa, sisimizi dawa, na magugu dawa. Halafu huupulizia mmea wenyewe kichocheo cha kuufanya utoe maua, ili shamba zima liive pamoja na mashine za kiwandani zisikose kazi.

Hawaii ililipa gharama ya ukulima huo. Aprili 1977, kwenye shamba la Del Monte la Kunia katika kisiwa cha Oahu, takriban galoni 495 za EDB, dawa ya kuua minyoo ya ardhini, zilimwagika karibu na kisima. Mwaka 1980 kisima hicho kilifungwa kwa kuwa maji yake yalikuwa yamechafuka, na mwaka 1994 serikali ya Marekani ililiweka eneo hilo katika orodha ya maeneo yenye uchafuzi mbaya zaidi nchini humo. Mwaka huo huo wa 1977, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California kilichotengeneza dawa nyingine ya minyoo, DBCP, waligundua kwamba wenzao wengi hawakuweza kuzaa watoto. Vipimo vikaonyesha kuwa dawa hiyo imewaharibu uzazi. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1979, isipokuwa kwa zao moja katika jimbo moja: nanasi la Hawaii, lililoruhusiwa kuendelea kuitumia hadi 1985.

Kisha kikaja kisa cha maziwa. Mwaka 1982 maziwa ya Oahu yalikutwa na heptakloro, dawa iliyotumiwa dhidi ya wale sisimizi. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wakilishwa majani ya mananasi yaliyokatwakatwa, na sumu ikasafiri kutoka jani hadi ng'ombe, kutoka ng'ombe hadi kikombe cha mtoto. Maziwa yakaondolewa madukani na wazazi wakapandwa na hasira. Wafugaji wa Kiambu na Murang'a wanaelewa kisa hicho mara moja, maana hata huku majani na maganda ya nanasi ni chakula cha ng'ombe.

Turudi Thika. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC, shirika lisilo la serikali lililoanzishwa mwaka 1992, ilianza kusikiliza malalamiko ya wafanyakazi wa Del Monte mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkurugenzi wake alikuwa Dkt. Willy Mutunga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011 hadi 2016. Malalamiko yalihusu ujira, ukibarua usioisha, vitisho kwa waliojaribu kudai haki zao kupitia chama cha wafanyakazi, na dawa. Kati ya dawa zilizolalamikiwa zilikuwamo zile ambazo Shirika la Afya Duniani huziweka katika madaraja ya sumu kali zaidi. Kwa watu wa shambani hazikuwa na majina marefu, zilikuwa "dawa" tu, na dalili zake zilikuwa kichwa kuuma, macho kuwasha na ngozi kubabuka.

Wafanyakazi hao walikuwa wamelalamika tangu zamani, wakati mwingine kwa migomo, na hawakusikizwa ipasavyo. Kilichobadilika mwaka 1999 ni kwamba sauti yao ilipata masikio mengine. Wakati huo Del Monte ya Thika ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wamarekani. Del Monte kubwa ilinunuliwa na R.J. Reynolds, kampuni ya sigara, mwaka 1979, ikaja kuvunjwavunjwa na kuuzwa vipande vipande kuanzia mwaka 1989. Kipande cha Kenya kiliangukia katika himaya ya Cirio, kampuni ya Kiitaliano ya vyakula iliyoongozwa na Sergio Cragnotti, ambaye mashabiki wa kandanda watamkumbuka kwa klabu yake ya Lazio iliyotwaa ubingwa wa Italia mwaka 2000. Mwenye mali alikuwa Muitaliano na walaji walikuwa Waitalia, kwa hiyo Italia ndipo palipokuwa mahali pa kubisha hodi.

Aliyefungua mlango alikuwa Francesco Gesualdi. Alipokuwa kijana alisoma Barbiana, shule ya mlimani ya padri Lorenzo Milani aliyewafundisha watoto wa wakulima maskini kusoma ili wajitetee. Gesualdi alipokua alianzisha kituo cha Vecchiano, na kazi yake kuu ikawa kuwaambia wanunuzi wa kawaida ni nani anayesimama nyuma ya kila bidhaa iliyo dukani: nani mmiliki, analipa nini, anachafua nini. Kituo hicho kilitoa hata mwongozo wa ununuzi, ambao mtu angeweza kuubeba hadi dukani na kuufungua mbele ya rafu. Habari za Thika zilipomfikia, mgomo ukapata kaulimbiu. Matangazo ya Del Monte ya miaka ile yalimwonyesha mwanamume mwenye suti nyeupe na kofia, anayezuru mashamba, anaonja tunda, kisha anaitikia kwa kichwa na wanakijiji wanashangilia. Waitalia wakasema: tumkatalie mtu wa Del Monte.

Waliiandikia kampuni. Jambo ambalo huenda lilikuwa na nguvu zaidi ni kwamba waligeukia maduka pia. Coop Italia, muungano mkubwa wa maduka ya ushirika, uliuza nanasi lenye jina lake wenyewe, na nanasi hilo lilisindikwa Thika. Mwaka 1998 Coop ilikuwa ya kwanza barani Ulaya kupata hati ya SA8000, kipimo cha kimataifa kinachomtaka mfanyabiashara ahakikishe kwamba anaowanunulia bidhaa wanawatendea wafanyakazi wao kwa haki. Hati hiyo ilikuwa fahari ya Coop mbele ya wanachama wake. Sasa wanachama hao wakauliza: hati hii ina maana gani Thika? Coop ikalazimika kudai ukaguzi na mabadiliko kutoka kwa Del Monte. Mnunuzi mmoja anaweza kupuuzwa, lakini duka linalonunua makontena halipuuzwi.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu ndilo kiini cha kisa chote. Mgomo wa wanunuzi ukianzishwa ovyo unaweza kumwangamiza kibarua kabla ya kumgusa tajiri. Mauzo yakishuka, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni yule wa ujira wa siku. Kilichoifanya kampeni ya Thika iwe tofauti ni kwamba wafanyakazi na mashirika ya Kenya ndio walioweka madai, na waliokuwa Italia walijibeba kama wasaidizi wao. Madai yalikuwa yanatekelezeka: vibarua wa muda mrefu waajiriwe, chama cha wafanyakazi kiheshimiwe, sumu kali ziachwe, makazi yatengenezwe. Kampuni haikukubali mara moja, ilichukua zaidi ya mwaka. Ilipokubali, Machi 2001, ilifanya hivyo mbele ya Wakenya, hapa nchini. Mwaka uliofuata Mutunga, Gesualdi na mwenzao Steve Ouma waliandika pamoja kitabu kuhusu kisa hicho. Kitabu hicho kinastahili kuwa kwenye maktaba ya kila shule ya upili kati ya Ruiru na Murang'a.

Baada ya hapo njia inakuwa na mawe. Novemba 2002 Cirio ilishindwa kulipa madeni yake, maelfu ya Waitalia waliokuwa wameikopesha pesa wakapoteza akiba zao, na mwaka 2004 shughuli za Del Monte za Ulaya na Afrika, pamoja na Thika, zikanunuliwa na Fresh Del Monte Produce. Mwenye mali aliyebanwa na Waitalia hakuwapo tena. Makubaliano ya aina ile hayana ulinzi wa kutosha kampuni inapobadilisha mikono, na huo ndio udhaifu wake mkubwa. Yanaishi muda ambao wanunuzi na wafanyakazi wanaendelea kuuliza.

Walaji wa Ulaya waliuliza tena, safari hii kuhusu damu. Mwaka 2020 maduka makubwa ya Uingereza, Tesco likiwamo, yalisimamisha ununuzi kutoka shamba la Kakuzi, jirani wa Del Monte upande wa Makuyu, baada ya Wakenya 79 kupeleka madai ya kutendewa ukatili na walinzi wa shamba hilo. Februari 2021 Camellia, kampuni mama iliyoko Uingereza, ilikubali kulipa hadi pauni milioni 4.6 kuyamaliza madai hayo. Juni 2023 gazeti la The Guardian na waandishi wa uchunguzi wa TBIJ walichapisha tuhuma za vipigo na mauaji dhidi ya walinzi wa shamba la Del Monte, na Tesco ikasimamisha oda zake. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kuwaondoa walinzi wake na kuikabidhi kazi hiyo kampuni ya nje. Katika visa hivi viwili, kilichoisukuma kampuni kilikuwa woga wa kupoteza rafu ya duka huko London. Wazazi waliokuwa wakilia Thika na Makuyu walikuwa wamelia miaka mingi kabla.

Sasa nigeukie mkebe wenyewe, maana mgomo wa 1999 ulihusu mkono unaolima, na mlaji ana hoja yake ya pili: chombo kinachokishika chakula chake. Historia ya mkebe ni historia ya madini yanayoingia ndani ya chakula. Kwa zaidi ya karne moja mikebe ilichomelewa kwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na Marekani iliipiga marufuku kabisa mikebe ya namna hiyo mwaka 1995 tu. Nanasi lina habari yake ya pekee. Kwa kuwa ni tunda lenye asidi na rangi nyepesi, mikebe mingi ya nanasi duniani huachwa na bati tupu upande wa ndani, bila rangi ya kinga, kwa sababu bati kidogo likiyeyuka hulihifadhi tunda lisigeuke rangi wala ladha. Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu hadi miligramu 250 za bati kwa kila kilo ya chakula cha mkebe. Ndani ya mkebe uliofungwa vizuri mambo huenda polepole. Ukiufungua na kuuacha hivyo, hewa huharakisha kuyeyuka kwa bati. Kwa hiyo wewe unayenunua mkebe Ruiru na kubakiza nusu yake, mimina yaliyobaki kwenye bakuli la glasi au la udongo kabla ya kuyaweka frijini.

Vyakula vingine vya mkebe, na vifuniko vyenyewe, hupakwa rangi ya kinga, na kwa miongo mingi rangi hiyo ilitengenezwa kwa kutumia bisfenoli A, inayojulikana zaidi kwa herufi zake BPA. Kemikali hii huigiza homoni ya kike mwilini. Ufaransa ilipitisha sheria ya kuiondoa katika vyombo vyote vya chakula kuanzia Januari 2015. Marekani haikutunga sheria kama hiyo, na huko kazi ilifanywa na wanunuzi. Kampuni ya supu ya Campbell ilitangaza mwaka 2012 kwamba itaachana nayo. Machi 2016, wakati mashirika ya kiraia yalipokuwa yakichapisha matokeo ya kupima mikebe ya madukani, Del Monte Foods ya Marekani ilitangaza kuiondoa pia. Hiyo ilikuwa kampuni tofauti na yenye shamba la Thika, ingawa jina lilikuwa moja. Mnunuzi aliyeona jina lile lile kwenye rafu hakuweza kulijua hilo mpaka aambiwe.

Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, EFSA, ilikishusha kiwango cha BPA inachokiona salama kwa siku mara 20,000 chini ya kile cha awali. Desemba 2024 Umoja huo ukapitisha marufuku ya jumla. Vyombo vingi vilipewa miezi 18 ya kujirekebisha, na mikebe ya matunda na mboga miezi 36. Mkebe wowote utakaotoka Thika kwenda Ulaya utatakiwa kuitii sheria hiyo. Inamlinda mnunuzi wa Pisa na wa Paris. Haimhusu mnunuzi wa Ruiru, ambaye anaishi mwendo wa nusu saa kutoka kiwandani.

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Si kwamba Mkenya hawezi kuibana kampuni. Julai 2019 mwanahabari Dennis Okari wa NTV alionyesha jinsi nyama ilivyokuwa ikitiwa kemikali katika maduka makubwa ili ibaki nyekundu, na kwa wiki kadhaa watu wengi walikimbia bucha za supamaketi. Mwaka huo huo Gladys Boss Shollei, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, alilipelekea Bunge ombi la kuondoa sokoni dawa za kilimo zilizokuwa zimekatazwa Ulaya na bado zikiuzwa kwetu. Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, baada ya Wakenya kama mpiga picha James Wakibia wa Nakuru kupiga kelele bila kuchoka mitandaoni. Marufuku hiyo ilikuja kwa sababu ya taka, na vifungashio vya kiwandani viliachwa. Lakini kabla ya siku ile chipsi zilizotoka kwenye mafuta yanayochemka zilifungwa moja kwa moja ndani ya nailoni, na hata leo zipo sufuria za githeri, Ruiru na kwingineko, zinazofunikwa plastiki ili githeri iive haraka. Moto na plastiki havifai kukutanishwa juu ya chakula. Hilo halihitaji kampuni wala Bunge, linahitaji mteja amwambie mpishi, kwa heshima: mama, nifunikie na kifuniko cha sufuria.

Kelele zetu huvuma kisha zikanyamaza. Waitalia walikaa na swali moja kwa zaidi ya mwaka. Tofauti ni hiyo, na tunaweza kuiziba, kwa sababu sisi tuna silaha ambayo wafanyakazi wa 1999 hawakuwa nayo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya yake. Kifungu cha 35 kinaturuhusu kudai habari iliyo mikononi mwa serikali, na hata ya mtu au kampuni binafsi ikiwa inahitajika kulinda haki. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 21.

Basi tuitumie. Liandikie Shirika la Viwango, KEBS, uulize rangi ya ndani ya mikebe inayouzwa Kenya ina BPA au haina. Iandikie Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, uulize ni dawa gani zilizosajiliwa kwa ajili ya mananasi na ni zipi kati yake zimekatazwa Ulaya. Muulize meneja wa supamaketi yako ya Ruiru au Thika swali kama lile la wanachama wa Coop, na umwombe ampelekee anayemuuzia. Fanyeni hivyo mkiwa kikundi: chama, kanisa, msikiti, darasa la Juja. Wekeni nakala za barua, na siku 21 zikipita bila jibu, andikeni tena, mkiipelekea nakala Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo sheria imeipa kazi ya kusikiliza malalamiko ya walionyimwa habari.